Mwoka Mikate na Mifereji ya Freiburg

Alwin Disch ameoka mikate mjini Freiburg tangu ujana wake, na kila Jumatatu mchana, tanuri likishazimwa, hulala. Jumatatu hii hakulala. Alinyoa ndevu, akavaa viatu vya kanisani, akatoka kumtembeza Roswitha, muuguzi mstaafu aliyepanga chumba chake cha juu, na ambaye Jumamosi angerudi kwao Lübeck.

Alitaka kumwambia abaki. Lakini tangu afiwe na mkewe, maneno yake mengi yalikuwa ya unga na chachu. Ndiyo maana aliitegemea mifereji.

Mitaani mwa Freiburg maji hupita wazi katika vijifereji vya mawe, na wenyeji hushikilia kwamba anayetumbukiza mguu kwa bahati mbaya atafunga ndoa na mtu wa hapo hapo.

Kwanza alimpeleka kanisa kuu, akamwonyesha vipimo vya mikate vilivyochongwa ukutani zamani, ili waokaji wasiwapunje watu.

"Mkate wako ungeenea hapa?" Roswitha aliuliza.

"Ungezidi. Mkono wangu mkunjufu."

"Kwa unga tu. Kwa maneno u bahili."

Kisha akampitisha kila mtaa wenye mfereji. Roswitha aliiruka mifereji yote bila hata kutazama chini.

"Mbona leo tunavuka-vuka hivi?"

"Natafuta kivuli."

"Kivuli tumekiacha kule, Alwin."

Mbele ya Lango la Martin, Alwin akageuka kumtazama, akawa anarudi kinyumenyume huku akionyesha mnara juu. "Huu umesimama miaka mia nane, wala haujawahi kuondoka kwenda…"

Mguu wake ukazama mferejini hadi kifundoni.

"Mzaliwa wa hapa kutumbukia!" muuza maua mmoja akacheka. "Mwoka mikate, kesho soko zima litajua."

Alwin aliketi kwenye jiwe akakamua soksi. Roswitha akaketi kando yake, ameshika kiatu cha Alwin kilicholowa.

"Akitumbukia mwenyeji inakuwaje?"

"Ni vile vile. Anaoa mtu wa hapa."

Roswitha akamwaga maji ya kiatuni taratibu. "Basi pana tatizo. Mimi ni wa Lübeck."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu? Sema jambo lako, mwanamume wewe."

Alwin akaitazama soksi, kisha akamtazama yeye. "Usiende Jumamosi. Baki, uwe wa hapa."

"Mtu huchukua muda gani kuwa wa hapa?"

"Wazee husema vizazi vitatu."

"Basi tusipoteze mchana," Roswitha akasema, akapiga goti kumvisha kiatu.