Mstari wa Mapokezi

Wanafunzi walimwita Mwalimu Waya, naye hakuona ubaya. Mkoba wake haukuishiwa vipande vya kebo, koleo na kanda za plastiki, hata mama yake alizoea kumuuliza anapotoka, "Leo umebeba duka gani?" Alifundisha mitandao ya kompyuta kwenye chuo kidogo cha ufundi, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Chuo kilikuwa na kompyuta nyingi kuliko zile zinazowaka.

Kuwafundisha vijana kuunganisha mtandao humo kuliwezekana. Kuwafundisha kuufuatilia ndiko kulikomshinda. Mtandao usiotumiwa na mtu hauna cha kufuatilia. Ni sawa na kumfundisha muuguzi kupima mapigo ya moyo kwa kutumia sanamu. Alitaka ofisi hai, yenye watu wanaotumiana mafaili, mashine zinazochapa na wateja wanaolalamika.

Mdogo wake ndiye aliyemsaidia kuipata. Alikuwa mpokeaji wageni kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, wanakotengeneza kalenda na kadi za harusi. Mtandao wa pale ulikuwa ukikwama karibu kila alasiri. Wabunifu wanabaki kupiga miayo mbele ya kompyuta, wateja wanafoka, na wa kufokewa ni yeye aliyekaa mbele.

"Bosi, dada yangu alete wanafunzi wake," alibembeleza. "Watalitafuta tatizo bure. Wewe hutoi hata chai."

Bosi alikataa, akakataa tena, mwisho akachoka kukataa.

Mwalimu akawapanga vijana wake kwenye chumba cha karatasi, nyuma kabisa, kwenye swichi ya kugawa mtandao iliyotundikwa ukutani na nyaya zake zote. Akawaonyesha programu inayochora mstari kwa kila kompyuta. Mstari ukipanda, mashine hiyo inavuta au inatuma vitu vingi, ukilala, imepumzika.

"Tunaangalia mashine, hatuangalii watu," aliwaambia. "Daktari akikupima presha hakuulizi umegombana na nani."

"Na akijua?" aliuliza kijana mmoja mrefu, mwepesi wa kushika mambo, ambaye wenzake walimwita Profesa.

"Akijua, anameza."

Mstari wa kompyuta ya mapokezi haukupanda wala kushuka. Ulitambaa chini, mwembamba kama uzi, asubuhi hadi jioni. Profesa akaunyooshea kidole.

"Na huu, mwalimu?"

"Huo mdogo, haumzuii mtu. Tuendelee."

Mwalimu aliujua vizuri. Mama yao alikuwa amepooza upande mmoja na alishinda nyumbani peke yake. Mwalimu hakuweza kushika simu akiwa darasani, kwa hiyo kazi ya kumsikiliza mama ilimwangukia mdogo wake. Waliweka simu ya zamani kando ya kitanda, ikaunganishwa na kompyuta ya mapokezi kupitia mtandao, na mdogo mtu akawa anavaa kisikilizio kwenye sikio moja, chini ya kilemba. Mama akikohoa, anasikia. Akiita, anamjibu kwa sauti ya chini kati ya mteja na mteja. Aliyeyafunga yote hayo alikuwa Mwalimu mwenyewe. Bosi hawakumwambia. Kila walipopanga kumwambia, walimkuta amenuna.

Chanzo cha kukwama kilionekana alasiri ya pili ya mazoezi. Mtandao ulipoanza kusuasua, mstari mmoja ukapanda hadi juu kabisa ukaganda hapo. Profesa akafuata namba ya mashine, akafuata waya, na kabla Mwalimu hajamshika shati akawa ameshakimbilia mbele.

"Tumempata! Ni kompyuta ya bosi! Inavuta filamu!"

Wabunifu wakaangua kicheko. Mdogo mtu akacheka hadi akaegemea meza. Bosi alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, miwani mkononi. Aliwatazama waliocheka, mmoja baada ya mwingine. Mwalimu akawahi kusogea mbele.

"Tusamehe, bosi. Ni ujana tu."

"Hakuna neno, mwalimu. Sikujua kitu hiki kinaona namna hii."

Tangu hapo mtandao haukukwama tena. Mazoezi yakaisha, Profesa akafaulu vizuri, na bosi akamwajiri hata kabla ya mahafali. Mwalimu ndiye aliyemsifia kwa mdomo wake mwenyewe. Alitembea kifua mbele siku hizo. Vijana wake wengi waliishia kuuza vocha na vifuniko vya simu. Huyu alikuwa amepata kiti, meza na mtandao wa kuulinda.

Jioni moja alirudi nyumbani akamkuta mdogo wake ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama, bado na sare ya kazini.

"Wamenifukuza."

"Nani kakufukuza?"

"Bosi. Kanitandikia mezani mstari wangu, umechapwa vizuri kwa rangi. Eti nashinda napiga soga kwa mtandao wake."

"Hukumwambia ni mama?"

"Nilimwambia. Akasema kila mfanyakazi ana mama." Alivua kitambulisho shingoni akakitupa kitandani. "Yule mwanafunzi wako, dada, ananiamkia kila asubuhi. Leo kaniamkia pia."

Mama alijaribu kusema kitu, ulimi ukamgomea. Akageuzia uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika kiwandani. Bosi akamkaribisha kiti, hakukaa.

"Mzee, mstari ule haumzuii mtu. Mimi nimeupima."

"Sijasema unazuia. Nimesema mtandao ni wangu na sikuombwa ruhusa."

Ni kweli hakuombwa. Mwalimu akageuzia kwingine.

"Umemfukuza kwa ule mstari, au kwa kile kicheko?"

Bosi akavaa miwani taratibu. "Mwalimu, wewe umesomea mashine. Watu niachie mimi."

Profesa alikuwa kwenye chumba cha karatasi, mbele ya skrini mbili. Aliinuka upesi.

"Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu alisimama mlangoni.

"Ulijua ule mstari ni wa nani?"

"Bosi aliniuliza mashine gani haipumziki. Nikamwambia. Ningemdanganya, mwalimu, na kazi hii nimeipata juzi?"

"Ulijua ni mdogo wangu."

Kijana alitazama sakafu, na alipoinua macho yalikuwa yamejaa machozi, tena machozi ya hasira.

"Nilikuuliza siku ile, ukasema tuendelee. Ungeniambia tu ni mstari wa mgonjwa, mwalimu, ningemeza."

Mwalimu alitoka bila kuaga. Pale mapokezi alikuwa ameshakaa binti mwingine, akijifunza namna ya kupokea simu.

Muhula uliofuata aliongeza somo ambalo halikuwemo kwenye mtaala: mambo ambayo mlinzi wa mtandao anayaona na hapaswi kuyapeleka popote. Alilitayarisha kwa uchungu, akakesha nalo. Alipofika katikati, mwanafunzi wa mbele akanyoosha mkono.

"Madam, hili linatoka kwenye mtihani?"

"Halitoki."

Kalamu zikashuka mezani, moja, nyingine, kisha zote. Wengine wakaanza kuchungulia simu zao. Alimaliza akiuambia ukuta.

Mdogo wake alipata kazi kwenye duka la rangi, mbali, ambako anasimama kutwa na hakuna kompyuta. Jirani mmoja huingia kumgeuza mama mchana, siku anayokumbuka. Nyumbani, ndugu hao wawili huongea habari za dawa, sabuni na nani kafunga geti. Siku moja, wakifua mashuka ya mama, Mwalimu alijikaza.

"Nisingewaleta wale watoto pale..."

Mdogo wake alikamua shuka hadi mishipa ya mikono ikamtoka.

"Ni mimi niliyewaombea kwa bosi, dada. Nilimganda mpaka akakubali. Usinisemeshe habari hizo."

Akalibeba beseni, akaenda kuanika upande wa pili wa nyumba, ingawa kamba ya upande huu ilikuwa tupu.