Mchwa wa Darajani

Yule mfungwa wa vita alikonda hadi ungempiga mbavu zikalia kama marimba, msinibishie. Viganja vyake vilichubuliwa na nyundo ya reli ya Wajapani, ila mchwa aliwaokota kwa vidole viwili bila kumponda hata mmoja. Aliwatia koponi, kisha akawapachika kwenye nyufa za nguzo za mbao za daraja la reli hiyo, wazitafune.

Siku moja, nikiuza mayai ya bata hapo darajani, mlinzi wa Kijapani akamfuma na kopo lake.

"Nini hii?"

Wangejua ni wa kuangusha daraja, wangemkata kichwa. Akamimina mchwa wote mdomoni, akatabasamu.

"Kitoweo, bwana mkubwa," nikadakia. "Sisi wenyeji wa hapa Kanchanaburi tunakigombania. Onja na wewe!"

Mlinzi akasonya, akaenda zake. Mfungwa, ulimi ukivuja damu, akawatema kiganjani, akawapuliza mate, akawarudisha kazini mmoja mmoja.