Maombolezo ya Primilla

Hebu mwone Nebris anavyoingia uani kwa Vibidius, hapa kwetu Puteoli, bandari ya Warumi. Vazi lake amelifua mwenyewe, nywele kazipaka mafuta, na uso unacheka. Zamani alikuwa mtumwa wa nyumba hii, akaachiwa huru. Vibidius mwenyewe kanyonya kwake: ziwa moja lake, la pili la Primilla, bintiye Nebris. Mpaka ndevu zimemwota, bado anamwita mama.

Primilla alikufa kwa homa mavuno ya zabibu yalipoanza. Nebris hajui kuandika, lakini kulia kwa maneno anajua. Akamwendea Vibidius, akamtolea yote aliyokuwa akimwimbia marehemu, naye akayaandika kwenye ubao wa nta huku machozi yanamtoka.

"Niachie, mama. Mchonga mawe wangu atayachonga kwenye jiwe la kaburi la dada yangu."

"Yote, mwanangu?"

"Yote. Usiponiamini mimi, utamwamini nani?"

Jiwe likasimamishwa tupu. Kila akiuliza, anaambiwa asubiri.

Leo tumeitwa. Bwana akiwasomea wageni wake mashairi, sisi aliotuacha huru tunakaa nyuma, na kazi yetu ni kupiga makofi. Nebris akaketi kati yangu na Dama muuza samaki.

"Leo anamsoma Primilla," akaninong'oneza. "Ndiyo maana alikuwa akiniambia nisubiri."

Vibidius akasimama. "Hili nimelitunga kwa ajili ya Gemula, kijibwa changu kilichokufa juzi." Wageni wakatabasamu. Akasoma:

"Ulizijua hatua zangu kabla sijafika mlangoni.
Sasa nimefika. Nani atanikimbilia?"

Midomo ya Nebris ikayafuata maneno, neno kwa neno.

"Mbwa kapata bahati!" Dama akacheka. "Mimi nikifa, mke wangu atauliza tu nani atabeba kapu la samaki." Kisha akamtazama Nebris. "Dada, vipi? Piga makofi, wanatuangalia."

Akapiga. Mikono yake niliiona ikikutana, sauti sikuisikia.

Wageni walipoondoka, Nebris akamfuata Vibidius. "Mwanangu, yale yalikuwa ya Primilla."

"Mama, si umeona walivyoyapenda? Wengine wameomba nakala. Primilla nitamwandikia jina na umri, inamtosha."

"Lakini ni maneno yangu."

Vibidius akamshika bega, kwa upole kabisa. "Mama wee. Utamwambia nani akakuamini?"

Asubuhi yake nilimsindikiza makaburini. Mchonga mawe alikuwa ameshafika, amechuchumaa mbele ya jiwe, patasi mkononi.

"Haya, bibi. Jina na umri nimeshapewa. Chini yake nichonge nini?"

Nebris akalifuta jiwe vumbi kwa kiganja. Mji mzima sasa unayajua yale maneno. Akiyachonga, wapita njia watasema mlezi kaiba maombolezo ya mbwa akamwekea mwanawe. Asipoyachonga, kijibwa kimeondoka nayo.

"Bibi, jua linapanda," yule mtu akasema.

Nebris akanigeukia mimi. Ungekuwa wewe, ungemwambia achonge nini?