Kufuli Juu ya Meza

Shemeji yangu ndiye aliyeleta kufuli. Aliliweka katikati ya meza, kwenye chumba chetu cha kazi pale mtaa wa Sakina, juu ya duka la vipuri, akasema tangu siku hiyo asiyelishika asiandike.

Ilikuwa miaka ile kompyuta zilizotumika Ulaya zilipoanza kuingia kwa makontena na kila mtu akawa mwagizaji. Yeye, Mchaga aliyemwoa dada yangu, alijua kununua na kuuza. Mimi nilikuwa nimejifundisha kompyuta polepole, kwa vitabu vilivyopungua kurasa. Tulipata mashine yenye prosesa mbili, yaani bongo mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, na shamba moja la maua chini ya mlima Meru likaitaka isimamie vyumba vyake vya baridi. Tatizo lilikuwa kwamba mashine iliganda, ikaacha kazi ghafla bila kusema neno.

Msimamizi wa vyumba hivyo alikuwa mama wa Kimeru aliyenizidi umri. Aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Fundi, mashine yetu ya kwanza ilipozima, alifukuzwa mtu. Hii itasema ukweli?"

Nikamwambia itasema.

Basi nikaanza kusoma kile kipande cha kiini cha mfumo endeshi kinachoandika kumbukumbu, yaani kinachopokea taarifa kutoka kila sehemu ya mashine na kuzipanga mstari kwa mstari. Prosesa mbili zikiandika kwa pamoja, mistari huchanganyika. Ndiyo maana ndani ya programu pia kuna kufuli: anayelishika anaandika, mwenzake anasubiri.

Tulikagua hivi. Mimi nilikuwa prosesa ya kwanza, shemeji ya pili. Kila mmoja alifuata programu kwa kidole kwenye karatasi, akitamka anachofanya. Wakati wowote mmoja aliweza kumwambia mwenzake, "Katiza," kama kipimajoto kinavyoikatiza prosesa na kudai kushughulikiwa papo hapo. Shemeji alilipenda neno hilo. Alinitupia hata nikiwa nimeinua kikombe cha chai. Dada akituita kula, alimjibu kwamba prosesa ya kwanza bado imeshika kufuli, amwulize kaka yake.

Asubuhi moja nilikuwa nimelishika, niko katikati ya kuandika, akasema kipimajoto kinakatiza. Nikaacha nilichokuwa nafanya, nikaenda kwenye ukurasa wa kipimajoto, nikafika mstari unaoamuru kusubiri kufuli. Nikalitafuta mezani. Lilikuwa mkononi mwangu.

"Hapo shemeji utasubiri mpaka Yesu arudi," akasema.

Tulicheka sana. Ndivyo mashine ilivyokuwa ikiganda. Dawa yake haikuwa ngumu: kabla ya kushika kufuli, prosesa izibe masikio isikatizwe, na ikishaliachia iyazibue. Ila kufuli lilishikwa sehemu nyingi, na kila moja ilitaka kurekebishwa na kukaguliwa upya na watu wawili. Kabla hatujaanza, mama yangu akaugua kijijini Kikwe. Shemeji akaniambia niende nikamuuguze, yeye atarekebisha, nikirudi tukague.

Niliporudi, mashine ilikuwa shambani. Alisema wenye shamba waliiharakisha, na kwamba alikagua peke yake, akiwa prosesa zote mbili. "Imekaa vizuri, shemeji. Haijaganda hata mara moja." Ilikuwa kweli. Nami nilimwamini.

Msimu wa mvua yule mama wa vyumba vya baridi aliniita. Maua ya chumba cha pili yalikuwa yameharibika kwa joto. Kumbukumbu ilionyesha onyo limetoka mwanzoni mwa zamu, na mwanamke aliyekuwa zamu hakufanya kitu. Alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani. Yule mama akaniwekea karatasi mbele. Taarifa tulikuwa tumeziandika kwa Kiswahili ili wao wazisome, na mstari wenyewe ulisema: chumba cha pili waya joto umechomoka limepanda.

Taarifa mbili zilikuwa zimeingiliana, ya waya kuchomoka na ya joto kupanda. Saa iliyoandikwa ilikuwa ya waya. Joto lilipanda baadaye, lakini lini, hakuna aliyeweza kujua tena.

Nikafungua programu. Shemeji hakuwa ameziba masikio popote. Aliliondoa kufuli lenyewe, kila mahali, na mashine isiyo na cha kusubiri haigandi. Juu ya mabadiliko, kwa desturi yetu, palikuwa na maelezo: imekaguliwa na wawili.

Nilimkuta shemeji kule Sakina, anakula. Hakubisha. Alisema alijaribu dawa yangu, mashine ikaganda tena, lazima aliruka sehemu fulani, na wenye shamba walitaka kwenda kununua kwingine.

"Walitaka isigande," akasema. "Haigandi."

"Umeandika wawili."

Akanawa mikono taratibu. "Bila hivyo wasingeipokea. Jina linaloaminiwa kule ni lako, shemeji."

Nilirudi shambani, nikamweleza yule mama kwamba karatasi ile haiwezi kumhukumu mtu, na kwamba mashine haikusema ukweli kama nilivyoahidi. Alisikiliza hadi mwisho. Mwanamke yule alirudishwa kazini, lakini kwenye kufungasha maua, si kwenye vyumba vya baridi.

Kufuli nililirudisha ndani ya programu mwenyewe, sehemu moja baada ya nyingine. Krismasi tunakula pamoja kwa dada na kuulizana habari za watoto. Ila kazi ya kukagua nilibaki nayo peke yangu, nikihama kiti, mara prosesa ya kwanza, mara ya pili. Sijawahi kuiamini kazi hiyo. Kila niliposema "katiza", niliyemkatiza nilikuwa mimi mwenyewe, nimekwisha kujiandaa.