Shingo Ikipoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitwikwa mzigo wa mpira, ule utomvu uliokaushwa, bomani Handeni nikaambiwa, "Utautua Korogwe, stesheni." Enzi za Mjerumani hizo. Gari moshi lilifika Korogwe, Handeni halikufika, basi gari moshi la Handeni lilikuwa sisi wapagazi. Mbele alitembea kirangozi, mshika mwendo wa msafara. Wetu alikuwa shemeji yangu Mhina, mume wa dada yangu Mwanaidi.

Mhina alikuwa mvuta bangi. Alipofumwa kambini, Bwana Shauri, yule Mjerumani aliyekata kesi bomani, akampa hamsa ishirini, ndiyo viboko ishirini na tano, akamfunga. Alipotoka, mimi nilishakuwa mnyapara, msimamizi wa msafara. Bwana Shauri akaniambia, "Muda wote huu hajavuta. Amepona. Mpe mzigo."

Dada naye akamwambia mumewe mbele yangu, "Nikiisikia tena harufu ile, nachukua wanangu narudi kwetu." Na Mwanaidi hakuwa mtu wa masihara.

Safari ya kwanza, tulipotua mizigo tu, Mhina akaanza kuhangaika. Anakaa, anainuka, anazunguka kambi, anawakodolea macho wenye viko vya tumbaku.

"Shemeji, una nini?"

"Sijui! Gerezani sikuitamani hata chembe. Njiani pia siitamani. Lakini nikitua mzigo, jasho likikauka, shingo ikipoa, mate yananijaa mdomoni. Si ndiyo saa niliyokuwa navuta, siku zote?"

Basi nikajua pa kuikamata hamu hiyo. Akitua tu, kabla shingo haijapoa, namtuma: maji, kuni, haya, kuni tena! Wenzake wakambatiza Bwana Kuni. Anatukana, anakwenda, na akirudi hamu imeshapita. Nikamweleza dada habari hiyo ya shingo. Tukaenda hivyo safari nyingi, dada akaanza kucheka tena.

Ndipo mkubwa wa stesheni Korogwe alipotuharibia. "Huyu mwaminifu," akasema. "Asibebe tena. Akae alinde ghala."

"Bwana, mwache abebe."

Akanicheka. "Mnyapara, una wivu."

Akae! Mtu yule, kutwa nzima, na shingo imepoa!

Msafara uliofuata dada alifuatana nasi, mtoto mgongoni, anamletea mumewe unga. Pale ghalani harufu ilitupokea kabla yake. Mhina akainamisha kichwa. Niliogopa, jamani, niliiona ndoa inavunjika machoni pangu. Mwanaidi akamtazama mumewe, akaitazama mizigo ya chumvi tuliyotakiwa kurudi nayo Handeni.

"Inuka," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Kaka, mtwike."

Leo nimestaafu, wajukuu wananiambia, "Babu, tulia." Nitulie! Mimi niliyeona kutulia kulivyomfanya mtu? Mkimwona mwenzenu kairudia bangi, msiishie kumtukana. Muulizeni alikuwa akifanya nini hamu ilipomjia.

Mnauliza kama Mhina alivuta tena? Alivuta. Na dada akamtwika tena.