Kasheti ya Papa Juge

Kwa miaka kumi na tisa Athanase alikuwa karani wa mahakama hapa Bunia, yaani greffier, na kwa miaka hiyo yote sisi wa mtaa wa Saio tulimwita Juge, jaji kwa Kifaransa. Kazi yake ilikuwa kupokea karatasi, kuziandika kwenye daftari na kuzigonga kasheti, ule muhuri wa tarehe. Kumzuia mtu asifanye jambo, hata kwa siku moja, ni mkono wa jaji peke yake, na Athanase aliijua sheria hiyo kama Baba Yetu. Lakini matangani aliletewa kiti chenye mgongo, kanisani alipishwa benchi la mbele, na hakuwahi kumsahihisha mtu. Tulimvika kilemba cha ukoka, naye akakizoea.

Emerance alikimbia vita Djugu pamoja na mumewe, wakajenga Saio, mume akafia hapa. Shemeji yake Donatien akadai kiwanja ni chake. Kesi ilikuwa bado mahakamani Donatien alipomwambia kwamba Jumamosi anabomoa nyumba. Alhamisi Emerance akapeleka ombi Donatien azuiwe kwanza mpaka kesi iamuliwe. Jaji alikuwa Mambasa kusikiliza kesi za huko, angerudi Jumatatu. Athanase akalipokea ombi, akaligonga kasheti, akampa nakala yake.

“Papa Juge, sasa habawezi kuvunja?”

Nyuma ya Emerance, kwenye foleni, walisimama wazee wawili wa kanisa letu. Athanase angesema tu, “Mama, nimepokea, sijazuia, toa vitu vyako.” Maneno ya pumzi moja. Badala yake akanyoosha tai.

“Mama, kasheti ya tribunal ni kasheti ya tribunal. Enda ku nyumba.”

Emerance akaipigilia karatasi mlangoni kwa misumari minne. Jirani yake Léonie alikuja kumsaidia kutoa kitanda na kung’oa mabati, Emerance akakataa. Hata mimi nilimwambia Léonie aache, Juge ameshasema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jumamosi asubuhi Donatien alifika na vijana sita wenye nyundo. Alipoiona kasheti alisita. Hata yeye aliogopa mahakama. Akatuma mtu amwite Athanase, anayekaa nyumba ya tano kutoka pale. Athanase akaja na kandambili.

“Papa Juge,” Donatien alisema kwa heshima, “kama umesimamisha, sema tu. Siye tutarudi.”

Athanase alitutazama sote. Akidanganya, kazi yake imekwisha.

“Miye niko greffier,” alisema. “Nilipokea tu. Kusimamisha ni kazi ya juge.”

Ilikuwa kweli tupu, na nilimchukia kwa kuisema siku ile. Vijana waliangusha ukuta wa mbele kwanza, mlango na karatasi yake chini, kitanda kikiwa bado ndani. Saa sita nyumba ilikuwa imekwisha.

Jumatatu jaji alirudi, akasaini amri asubuhi ileile: Donatien asiiguse nyumba mpaka kesi iishe. Emerance hajui kusoma, na kumsomea ni kazi ya karani. Athanase akamsomea yote, hadi jina la jaji, akagonga kasheti, akampa.

Emerance aliipokea kwa mikono miwili.

“Hii nayo nitaipigilia ku mulango gani, Papa Juge?”