Nguvu Zangu za Mlima wa Karuba

Bado nina hasira, na sijui hata nimukasirikie nani.

Tulishindana kwa baiskeli kutoka Bihambwe mpaka Karuba. Mlima wa mwisho ulinikuta koo limekauka, kichwa nimekiinamisha, macho kwenye tairi ya mbele. Nikayainua mara moja tu, nikaona vijana wawili wanamusukuma jirani yangu Bahati, kama tunavyosukuma kila siku watu wanaopandisha mizigo ya maharagwe. Lakini haya yalikuwa mashindano! Nikatukana kimoyomoyo, nikakanyaga kwa hasira, na hapo miguu ikapata nguvu ya ajabu. Nikasema: huyu sasa njo mimi mwenyewe.

Bahati akafika mbele yangu hata hivyo. Nikatupa baiskeli chini, nikamufokea mwamuzi mbele ya watu wote.

"Bahati iko mwizi! Walimusukuma! Mimi nilipanda na miguu yangu mwenyewe!"

Mwamuzi, aliyetutangulia amebebwa kwa moto, ile pikipiki, akiturekodi, akatoa telefone yake akatuonyesha video. Kweli, Bahati alikuwa anasukumwa. Nikapiga makofi.

"Ngoja kidogo, kaka," akaniambia.

Nyuma ya Bahati nikatokea mimi, kichwa chini. Na nyuma yangu mwanamke mwenye kitunga kichwani, mkono mmoja kwenye kiti cha baiskeli yangu, anasukuma. Kitenge alichovaa nilikitambua.

Nikageuka. Alikuwa amesimama palepale, bado anahema.

"Mama! Nani alikutuma?"

Mama yangu hakuona haya hata kidogo.

"Mutoto wangu, ulikuwa unaanza kurudi nyuma."